Koti la Himatlal na Kopo la Jeconia

Hebu mchore akilini mwako huyu mtu anavyokuja. Ni asubuhi ya Julai mjini Thika, ile baridi inayoingia mpaka ndani ya meno, na jua bado linajivuta nyuma ya mawingu. Anatokea upande wa stendi, mrefu, mabega yametangulia kidogo kama ya mtu aliyezoea milango mifupi. Viatu vyake vinang'aa kuliko vya wote waliopo barabarani, ila kamba ya kimoja imefunguka na hana habari. Kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Anatembea mbiombio, halafu anakumbuka kwamba mtu wa heshima zake hatembei hivyo, anapunguza mwendo. Hatua chache tu, hasira inamrudia, anaongeza tena. Muuza mahindi ya kuchoma anamwita, "Sasa mzee! Chukua moja la moto ushike tumbo!" Wala hageuki. Ukimtazama vizuri utaona midomo yake inacheza. Anafanya mazoezi ya maneno atakayomwambia fundi mmoja wa hapa Thika, Mulei.

Huyo ndiye Jeconia Oluoch, fundi wa makoti ya ngozi kutoka Ruiru. Na mimi sitakuzungusha: kilichomtoa Ruiru asubuhi ile kabla hata ya kumaliza chai yake ni wivu. Wivu mtupu, ule wa kukosesha mtu usingizi. Na sio wivu wa mwanamke, ingawa ukimsikiliza mkewe Apiyo atakuambia hajaona tofauti. Ni wivu wa koti.

Sogea basi nikueleze, maana koti lenyewe sio la kawaida.

Jeconia alitoka Ugenya akiwa kijana, akapata kazi katika kiwanda kimoja cha ngozi kule Eneo la Viwanda Thika. Huko alijifunza ngozi kuanzia ikiwa bado na manyoya na inanuka hadi inapokuwa laini kama shavu. Kiwanda kikafungwa, kama vilivyofungwa vingine. Wenzake wakarudi nyumbani, yeye akanunua brashi, akafungua kibanda cha mabati Ruiru, karibu na reli. Alianza na viatu na mikoba ya akina mama wa ofisini. Kisha marobota ya mitumba yakaanza kumletea kitu kilichomshika moyo: makoti ya zamani ya marubani wa kijeshi.

Labda umewahi kuyaona bila kujua. Kuna yale ya ngozi ya kahawia, yenye pindo za kufuma kwenye mikono na kiunoni. Kuna ya nailoni ya kijani, ukigeuza ndani unakuta bitana ya rangi ya chungwa. Halafu kuna mfalme wao, lile zito la ngozi ya kondoo, manyoya ndani, ukosi mpana kama mto wa kulalia, lililoshonwa zamani za vita ili mtu asigande akiwa juu mawinguni. Vijana wa Nairobi wenye pikipiki kubwa wanayatafuta kama dhahabu. Na wakiyapata yakiwa yamekauka, yamekunjana, yananuka ghala, huambiana: peleka Ruiru kwa Jeconia.

Jeconia alianza kila koti kwa pua. Kabla ya brashi, kabla ya chochote, aliingiza uso wake wote ndani ya bitana, akafumba macho. "Hili limelala kwenye maji," angesema. Au, "Huyu mwenye koti anavuta sigara na mkewe hajui." Kisha vumbi lilitolewa kwa brashi laini. Sabuni ya ngozi aliitia mpaka ipige povu, akatumia povu peke yake, akalipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Koti la ngozi haliingizwi majini, na ole wako ulianike juani mbele yake. Zipu ilipakwa mshumaa. Manyoya ya ndani yaliyochafuka yalinyunyiziwa unga mkavu, yakaachwa unga unyonye mafuta, kisha yakachanwa polepole kama nywele za mtoto anayelia. Henga zake za kutundikia zilikuwa pana, amezizungushia vipande vya blanketi, koti lisije likapata mabega ya mtu mwingine.

Mwisho kabisa, likishakauka, ndipo lilipotoka lile kopo.

Kopo la Jeconia lilikuwa kopo la maziwa ya unga la zamani, limeshachubuka maandishi. Ndani yake mlikuwa na mafuta yake mwenyewe ya kulisha ngozi, na hakuna aliyeambiwa yametengenezwa na nini. Hata Apiyo hakuambiwa. Wewe nitakuambia, kwa sababu tuko pamoja: nta ya nyuki, na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa ikachujwa mara nyingi mpaka ikawa nyeupe. Shahamu alijifunza kiwandani, nta akaongeza yeye, na hiyo nta ndiyo iliyoyapa harufu nzuri ya asali. Alienda buchari mapema watu wakiwa bado wanafungua, akatoka na kipande chake kwenye gazeti, akayeyushia nyuma ya kibanda. Mtu akitokea, kifuniko kinarudi, tap!

Sasa katika makoti yote yaliyopita mikononi mwake, moja lilikuwa lake. Sio lake kwa kumiliki. Lake kwa moyo. Lilikuwa la Himatlal, mfanyabiashara wa vitambaa wa Thika. Baba yake Himatlal alikuwa fundi wa injini za ndege Nairobi wakati wa ile vita kubwa, na rubani mmoja alipokuwa akirudi kwao alilivua lile koti la kondoo akamvisha. Baba akamwachia mwana. Himatlal alilivaa kila msimu wa baridi, juu ya shati jeupe, mikono yake myembamba ikipotelea ndani, akaonekana kama kuku aliyejificha kwenye kiota. Na kila mwaka kabla baridi haijaanza alilileta Ruiru mwenyewe. Alikaa kwenye benchi akinywa chai mpaka kazi iishe, hakubali kuliacha.

"Jeconia bhai," alikuwa akisema, yaani ndugu, akinusa mkono wa koti lake, "hii harufu ya nyuki, mimi napenda sana. Hakuna mkono mwingine unaelewa hii koti."

Hayo maneno Jeconia aliyaweka mahali ambapo watu wengine huweka vyeti.

Kulikuwa na mtu wa tatu pale bandani siku hizo, ndiye Mulei. Mkamba mpole, mkimya, aliyekuja kujifunza kazi akiwa tayari ana familia yake. Jeconia alimfundisha pua, akamfundisha povu, akamfundisha unga na mshumaa. Kopo hakumfundisha. Mulei alipopita karibu, kifuniko tap! Mwishowe Mulei akaaga vizuri, akaenda kufungua duka lake Thika. Duka, sio kibanda. Lenye kioo, lenye maandishi makubwa: MULEI NGOZI SAFI. Kuanzia siku hiyo Jeconia hakuweza kusikia neno "Thika" bila kuuliza, "Thika upande gani?"

Himatlal akafariki mwaka jana. Jeconia alienda kwenye mazishi, akasimama nyuma na wafanyakazi wa dukani, akalia kuliko alivyotarajia. Baridi ya mwaka huu ilipokaribia, alifagia benchi, akasubiri. Alijua mjane wake, Induben, ataleta koti. Mei ikapita. Juni ikapita.

Kisha jana, mteja wake mmoja aitwaye Mwas, kijana wa pikipiki, akamshikisha simu.

"Niaje mzee. Cheki huyu msee wa Thika. Watu wanamfuata huku mtandaoni balaa! Si alikuwa hapa kwako?"

Kwenye simu, Mulei alikuwa akionyesha jinsi ya kupaka zipu mshumaa. Jeconia alitazama huku taya limekaza. Mshumaa wangu huo, alijisemea. Kisha Mulei akainua koti la kahawia kuonyesha pindo mpya za mikono, na Jeconia akaisogeza simu karibu na macho. Alizijua zile pindo. Mtu anajua chapati za mkewe, atakosaje kujua mkono wake wa kufuma? Na kabla hajameza hilo, akaona nyuma ya bega la Mulei, kwenye henga pana, koti zito la kondoo lenye kifungo cha ukosi cha ngozi nyekundu. Kile kifungo chekundu alikishona yeye. Dunia nzima hakuna kingine.

"Mzee, uko sawa?" Mwas akauliza. "Umekuwa rangi nyingine."

"Chukua simu yako," Jeconia akasema. "Na koti lako njoo wiki ijayo."

Nyumbani alimkuta Apiyo kwenye mashine yake ya kufuma, sweta za shule zimemzunguka kila upande.

"Umemfumia Mulei," akasema, hata hajakaa.

"Habari ya jioni na wewe, Baba Akello."

"Zile pindo ni zako. Unafunga uzi mara mbili mwishoni, Ruiru nzima hakuna mwingine anafunga hivyo."

"Ni zangu. Alileta nyuzi, nikafuma. Kwani ulipokuwa unanioa ulioa na mashine?"

"Ungeniambia!"

"Nikuambie ukae bila kula? Yawa! Wewe mtu akikohoa Thika unasema ameiba kikohozi chako." Apiyo akasimamisha mashine. Alipoona uso wake, sauti ikashuka. "Hebu sema. Sio pindo hizi zimekufanya hivyo."

"Koti la Himatlal liko kwake."

Apiyo akauweka uzi chini. Alimjua Himatlal; kila alipokuja Ruiru, mzee huyo alikuwa akimletea pakiti ya vitafunio vya dengu. "Basi mpigie Mama Induben umuulize."

"Simpigii mtu. Nitaenda nilione kwa macho yangu. Nione amelipaka uchafu gani."

Ndiyo hiyo asubuhi uliyomwona akitokea stendi, na kwapani, ndani ya gazeti, ni kopo. Alilibeba ili Mulei aone mafuta ya kweli yanafanana vipi. Mulei akishaona, Jeconia alichukue koti lake na kurudi nalo Ruiru, basi. Hilo tu ndilo alilotaka duniani siku hiyo.

Mulei alikuwa akifungua duka. Alipomwona aliweka ufunguo chini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee! Umefika mwenyewe! Nilikuwa nikupigie leo."

"Ungenipigia kwa uso gani?"

Mulei akacheka kidogo, halafu akaona sio mzaha. "Ingia kwanza. Nje ni baridi."

Jeconia akaingia, macho yake yakatangulia kutafuta kosa. Alitafuta koti lililoanikwa juani, hakuna. Alitafuta henga nyembamba, hakuna. Zote zilikuwa pana, zimezungushiwa blanketi. Mshumaa ulikuwa mezani. Unga kwenye bakuli. Brashi zimepangwa kuanzia laini hadi ngumu, vilevile alivyozipanga yeye. Kila alichokitazama kilikuwa chake, na hakuna kilichokuwa chake. Afadhali angekuta mtu anaharibu kazi! Angejua pa kuanzia.

"Umekuwa mtu mkubwa," akasema. "Nasikia watu wanakutazama kwa simu."

"Ni dada yangu huniwekea. Mimi hata sijui kuitumia vizuri."

"Na wake za watu wanakufumia."

"Mama Akello? Aaah, mzee. Nilimwambia akuombe ruhusa."

Hilo nalo likamchoma, maana Apiyo hakulitaja. Akaona bora afike kwenye jambo lenyewe. "Koti la Himatlal linafanya nini hapa?"

"Mama Induben alilileta Jumatatu. Alisema limeota ukungu mweupe, na Ruiru ni mbali kwa miguu yake siku hizi. Akauliza kama naweza kuangalia."

"Ukaangalia. Ukalipaka nini?"

"Sijalipaka kitu, mzee. Njoo uone."

Wakaenda nyuma. Koti lilikuwa pale, zito na tulivu. Jeconia aliingiza uso ndani ya manyoya bila kufikiri. Udi, karafuu, pamba iliyokaa kabatini, na kwa mbali kabisa, Himatlal mwenyewe. Kisha akatazama ngozi. Mabegani na mikononi palikuwa na kitu cheupe kama vumbi la chaki. Akapumulia pale pumzi ya moto, akasugua kwa kidole gumba. Cheupe kikayeyuka, kikapotea.

"Huu sio ukungu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana moyo wake ukapanda. "Haya ni mafuta yangu! Baridi imeyatoa nje. Hakuna mkono mwingine umegusa hili koti."

"Najua ni mafuta," Mulei akajibu taratibu. "Wewe ndiye ulinifundisha hivyo vya kupumulia. Nilimwambia Mama sio ukungu, ni mafuta tu. Akaniuliza swali moja." Akapangusa mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu. "Akaniuliza, mafuta ya nini?"

Jeconia alilibana kopo kwapani kwa nguvu zaidi.

Unajua kuna mambo mtu anayajua yote mawili na hajawahi kuyakutanisha. Jeconia alijua vizuri kwamba nyumba ya Himatlal haiingizi nyama. Miaka yote ile amekula vitafunio vyao visivyo na hata yai. Alijua ng'ombe kwa Wahindu kama wao ni mtakatifu. Nani Thika hajui? Hilo lilikaa upande mmoja wa kichwa chake. Kopo lilikaa upande wa pili, limefunikwa. Kama angelitaja siku moja tu kwa mtu yeyote, kwa Apiyo, kwa Mulei, kwa muuza chai, mtu huyo angeshtuka akamwambia, "Haiya, hilo koti ni la nani tena?" Lakini nani angesema, na kifuniko kilikuwa kikirudi kila mtu akikaribia?

Akaketi juu ya kigoda. Gazeti likafanya kelele kwapani.

"Wewe ulijua?" akauliza.

"Nilikuwa nakuona ukitoka buchari na kakifurushi."

"Na ukanyamaza!"

"Nilidhani koti la Mzee Himatlal una kopo lake tofauti. Na hata kama ningetaka kuuliza, mzee..." Mulei akatikisa kichwa. "Nikipita tu karibu ulikuwa unafunika kama nitayala."

Jeconia hakucheka. "Umemwambia nini mama wa watu?"

"Nimemwambia sijui. Nimemwambia aulize mwenyewe aliyepaka. Anakuja sasa hivi kulichukua." Mulei akainama karibu, akashusha sauti. "Na mimi hapa kinywa changu nimefunga. Ukimwambia ni nta na mafuta ya nazi, nitaitikia. Nikiwa peke yangu naweza kulitoa mafuta yote polepole kwa kitambaa na unga, ukipenda. Utalipeleka Ruiru likiwa safi. Hatajua."

Jeconia alimtazama usoni, akatafuta kejeli. Alitafuta kwa bidii kama mtu aliyeangusha ufunguo. Aliikosa. Na hapo ndipo wivu wake ulipofika mwisho wa barabara na bado ukataka kuendelea, maana sasa hakuwa anaona kijicho cha duka, wala kioo, wala watu wa kwenye simu. Alikuwa anaona kijicho cha roho ya yule mtu. Hata kwa fadhila, Mulei amemshinda!

Mlango ukasukumwa. Induben akaingia, mdogo kama ndege, sweta la kijivu juu ya sari, mwavuli umekuwa mkongojo. Alipomwona Jeconia uso wake wote ulifunguka.

"Jeconia bhai! Umekuja mpaka Thika kwa sababu ya koti?"

"Ndiyo, Mama," Jeconia akasema, akasimama.

"Nilijua. Mimi nilimwambia Mulei, huyu mtu atakuja." Akalikaribia koti, akaweka kiganja chake kifuani mwa lile koti, pale ambapo moyo wa mumewe ungekuwa. "Nimelitundika karibu na picha yake, pale pa maombi. Kila asubuhi nikishaoga naligusa kwanza, halafu ndiyo nawasha taa. Sasa nikaona hii nyeupe, nikaogopa. Mulei anasema ni mafuta tu. Mkono wako."

"Ndiyo, Mama."

"Basi mwaka huu pia ufanye wewe. Himatlal hangependa mtu mwingine. Mulei hatakasirika, eh?"

"Hapana, Mama," Mulei akasema kutoka kona. Alikuwa amewageuzia mgongo, anachana manyoya ya koti lililokwisha kuchanwa.

Macho ya Induben yakashuka kwenye gazeti. Lilikuwa limepasuka, na ukingo wa kopo ulionekana. Akatabasamu kama mtu aliyeona rafiki wa zamani. Akainama akanusa. "Ndiyo hii! Nyuki. Nyumba yote ilikuwa inanukia hivi akirudi kutoka kwako." Akanyoosha mkono ule ule, akaugusa ukingo wa kopo kwa vidole viwili. "Miaka yote sijui kitu gani. Niambie, Jeconia. Ni mafuta ya nini?"

Koti lilikuwa pale, umbali wa mkono wake. Alichokijia kilikuwa kimepewa jina lake mbele ya yule yule aliyemwonea wivu, na cha kulipia kilikuwa maneno machache tu kuhusu mafuta ya nazi. Kitana cha Mulei kilikuwa kimesimama katikati ya manyoya. Taa ya maombi ya kesho asubuhi nyumbani kwa Induben nayo ilikuwa bado haijawashwa.

Wewe uliyetembea naye kutoka stendi, ukamwona alivyolipenda lile koti: ungekuwa na kopo lile mkononi, ungemjibu nini yule mama?